Bastola ya Kwanza ya Omvir

Baraut, 9 Julai 1999

Mjomba wangu Rishipal,

Naigusa miguu yako, na ya Mami Bhagwati pia, maana nikimsahau mkeo najua barua hii itasomwa nusu. Huku sote wazima. Mvua ilichelewa, kisha ikanyesha yote siku moja, na barabara ya kituoni sasa ni bwawa. Sisi polisi tunaelekeza magari tumekunja suruali kama wapanda mpunga. Mama goti bado linamsumbua lakini kamba ya nyati haachii mtu: akamue yeye au dunia isimame. Nyati mwenyewe kazaa jike. Binti yangu Anshu kaingia darasa la nane na sasa ananisahihisha ninavyoongea, mbele ya wageni. Mama mkwe anakusalimu na anauliza kama kweli Dehradun mnalala na blanketi mwezi wa saba.

Sasa jambo lenyewe. Nataka unitafutie bastola ya upepo ya mashindano. Usishtuke, yangu ipo, na timu ya polisi bado haijanifukuza. Hii ni ya Omvir.

Naam, mume wangu Omvir, mpika vitamu vya jalebi, mtu anayeziba masikio fataki za Diwali zikilia. Ameanza kulenga shabaha tangu mwezi wa tano na haachi. Anatumia bastola ya klabu, ambayo wilaya nzima imeishika hadi mpini wake umelika kama sabuni ya msikitini. Haimfai. Wewe umetengeneza bastola za wapiga shabaha tangu mimi sijui kutembea, kwa hiyo nakuachia kazi, ila nina masharti yangu: iwe nyepesi, iwe ya mkono wa kushoto, na kifyatulio chake kiwe laini. Tena iwe siri. Nataka nimpe siku ya Diwali, afungue boksi, nione uso wake.

Jibu upesi, na usiniandikie mahubiri.

Mpwa wako,
Bimlesh

—

Dehradun, 2 Agosti 1999

Bimlesh, binti wa dada yangu,

Uishi mpaka uwe na mvi kunizidi. Mwambie mama mkwe wako kwamba ndiyo, tunalala na blanketi, na Mami yako analivuta lote upande wake. Matunda ya lichi yamekwisha. Nyani walishuka juzi wakabeba mtungi mzima wa achari ya embe uliokuwa unaanikwa juu ya paa, na Mami alisimama uani akiwatukana mpaka majirani wakatoka kuangalia ni nani kakosana na nani. Mwambie dada yangu goti halikamuliwi pamoja na nyati, apumzike.

Nilipofika penye masharti yako nilicheka mpaka Mami akaja kuangalia kama nimepaliwa. Nilidhani ugonjwa huu huwapata wanaume tu! Kila mwaka wanaingia hapa karakanani: “Fundi, nitafutie bastola ya mke wangu, ndogo, nyepesi, yenye mpini wa kupendeza.” Wanamnunulia mke kitu walichokipenda wao. Mwezi haupiti, bastola iko kabatini chini ya shuka na mke kasema mchezo huu si wake. Kumbe mchezo ulikuwa wake, bastola ndiyo haikuwa yake. Sasa na wewe, konstebo mzima uliyefundishwa nami, unakuja na wimbo uleule.

Nisikilize, na haya si mahubiri. Nyepesi inacheza. Kila pigo la moyo linatokea kwenye karatasi ya shabaha. Uzito kiasi humtuliza mgeni. Kifyatulio laini mno kitamfyatukia kabla hajaamua, atajifunza kuogopa kidole chake mwenyewe. Na kubwa kuliko yote ni mpini. Mpini ni kama kiatu: huwezi kumnunulia mtu kwa kukumbuka uso wake.

Ndipo nafika kwenye mkono wa kushoto. Mimi nilikaa dukani kwa Omvir siku mliyompa Anshu jina. Nilikula jalebi mpaka nikavua mkanda. Alikuwa anaumimina uji wa unga ndani ya mafuta kwa mkono wa kulia, miduara mitatu na kishikio, kama mtu anayeandika jina lake. Kushoto alikuwa anafukuza nzi. Tangu lini Omvir ana shoto?

Chukua karatasi, mwekee mkono juu yake, uuzungushie kalamu. Mikono yote miwili. Niletee.

Mjomba wako,
Rishipal

—

Baraut, 21 Septemba 1999

Mjomba,

Salamu zote ziwafikie. Nisamehe kuchelewa, kulikuwa na uchaguzi na sisi tulilala kwenye madarasa ya shule tukilinda masanduku. Miwa imepanda, mwaka huu itakuwa mirefu kuliko wenye mashamba. Mama amekubali kupumzika, maana yake anakaa kwenye kitanda cha kamba na kuwaamrisha wengine namna ya kukamua.

Mwandiko wako siku hizi umependeza mno. Zamani barua zako zilikuwa kama kuku aliyepita kwenye matope, tulikuwa tunazisoma kwa kamati. Umepata kalamu mpya?

Mchoro wa mkono ndio huu. Niliuchora akiwa amelala mchana, kwa hiyo kidole gumba kimekwenda kombo. Ni wa kushoto, kwa kuwa ndio anaopigia. Watu wengine hupenda tu kupigia kushoto, Mjomba, jicho lao la kushoto lina nguvu zaidi. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo.

Diwali inakaribia. Ile ya Kiitaliano nyepesi uliyowahi kunionyesha, yenye mtutu wa fedha, bado ipo?

Bimlesh

—

Dehradun, 5 Oktoba 1999

Bimlesh,

Salamu kwa wote. Huku wazima.

Mkono mmoja umefika. Wa pili umebaki wapi?

Ile ya Kiitaliano ipo. Haitoki hapa. Bastola haichaguliwi kwa posta. Mlete mwenyewe aishike, na kama kuna jambo usilotaka kuniambia, kumbuka waliosema mficha uchi hazai.

Mami anasema nisiwe mkali. Basi nimemaliza kuwa mkali.

Mjomba wako

—

Baraut, 12 Novemba 1999

Mjomba wangu,

Barua hii anakuletea Omvir mwenyewe. Hajui kilichomo. Anadhani amekuja kukuletea kazi: nimempa bastola yangu yenye kilengeo cha nyuma kilicholegea, nikamwambia mimi sina likizo, mashindano ya polisi yamekaribia, na posta wataivunja. Alikataa siku nne. Siku ya tano Mama akamwambia, “Kama mwanamume wa nyumba hii hawezi kupanda basi, nipe mimi, nitakwenda na goti langu.” Akapanda.

Umeniuliza mkono wa pili. Niliapa sitasema, lakini aliyeniapisha amesimama mbele yako sasa, kwa hiyo macho yako yatakwambia kabla yangu.

Ilikuwa juma la sikukuu ya Holi. Unajua dukani kunavyokuwa wakati huo, watu hadi barabarani. Mguu mmoja wa jiko ulivunjika na karai la mafuta likaanza kulalia upande. Chini yake alikuwa amekaa mama mkwe akikanda unga, jiko kaligeuzia mgongo. Omvir hakuita. Alilishika karai kwa mkono wa kulia, ukingoni, akalirudisha juu na kulishikilia mpaka ndugu yake akaja na tofali. Mama mkwe hakupata hata tone. Aligeuka kuuliza ni nani anayechoma nyama dukani kwa watu wasiokula nyama.

Daktari aliuokoa mkono. Kidole cha shahada na cha kati vimepona. Vile viwili vya mwisho vimekunjamana kuelekea kiganjani na havifunguki tena. Aliporudi nyumbani aliufunga mkono kwenye kitambaa, akakaa kitandani akitazama ukuta. Duka likafungwa. Akaniambia, “Nduguzo wasijue. Sitaki kuja kuangaliwa.” Mama mkwe naye akawa halii wala haongei, anapika tu, anapika, chakula cha watu ishirini kwa watu watano. Mjomba, mimi nimeshawahi kukamata wezi wenye visu, lakini sikuwa na la kufanya ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Siku moja ya mwezi wa tano niliisahau chapati yangu nyumbani. Kwa makusudi. Mama mkwe akamtuma aniletee uwanja wa shabaha. Alifika kajifunika kama mgonjwa wa meno. Nikamwambia, “Nishikie hii kidogo, nifunge kamba ya kiatu.”

Akaishika kwa kushoto. Nikafunga kamba. Nikaifungua, nikaifunga tena.

“Ina risasi?” akauliza.

“Inayo.”

“Nikifyatua?”

“Fyatua uone. Ukuta haujawahi kulalamika.”

Akafyatua. Karatasi ilibaki nzima kama ilivyotoka kiwandani. Akasimama anaitazama, kisha akasema, “Hiyo imekwenda wapi?”

Mjomba, lilikuwa swali la kwanza tangu Holi. Hakuwa ameuliza hata bei ya nyanya. Kesho yake akaniletea chapati ambazo sikuwa nimezisahau.

Tangu hapo anakuja kila siku. Kwa kushoto anapiga vibaya sana, ukuta ndio unaoumia, lakini njiani kurudi tunaongea. Juzi alinitania mbele ya watu. Ndiyo maana nikataka nyepesi, ndiyo maana nikataka laini. Nilitaka kitu kisichomkatalia. Sasa umejua. Umlishe, anasema hali sana lakini uongo.

Bimlesh

—

Dehradun, 25 Novemba 1999

Bimlesh mwanangu,

Mumeo amefika salama kwenu? Alipoondoka alibeba achari ambayo nyani hawakuifikia, na sweta langu. Sweta alirudishe au asilirudishe, mimi nimeona mtu anayelihitaji kunizidi.

Nitakusimulia yote, maana najua yeye atakwambia, “Tulikunywa chai.”

Aliingia, akanigusa miguu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ndani ya shali. Akanipa bastola yako na barua. Mami akaisoma barua ndani, akatoka macho mekundu akisema ni vitunguu. Mimi nikampa chai, nikamwambia kilengeo chako nitakifunga baada ya dakika mbili, lakini kwanza tuna kazi. Nikapanga bastola tatu juu ya meza: ile nyepesi ya Kiitaliano uliyoipenda, moja ya Kiaustria ambayo mwenyewe ameacha mchezo, na ile nzito ya Kijerumani ambayo imekaa kwangu muda mrefu, ya rangi ya sufuria kuukuu.

“Chagua,” nikasema.

“Nimchagulie nani?”

“Mtu mmoja wa Baraut, mpika jalebi.”

Nilisikia kikombe kikitua mezani. Halafu akasema, “Bimlesh nitamnyonga.”

“Ana kirungu cha serikali. Chagua kwanza.”

Akazishika moja moja kwa kushoto. Ya Kiitaliano ilirukaruka kama panzi. Mami akasema, “Lakini mkeo alisema nyepesi.” Naye akajibu, “Mke wangu anapenda kila kitu kiwe chepesi isipokuwa ulimi wake.” Nisamehe, nayaandika kama yalivyosemwa. Ile nzito alipoinyanyua akashusha pumzi. “Hii imekaa,” akasema, na hakuigusa nyingine tena.

Hapo nikamwambia, “Sasa nipe mkono wa kulia.”

“Mjomba, mimi nina mmoja tu.”

“Nilikuja harusini kwako, nilihesabu miwili.”

Mami aliondoka na vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Mwishowe akautoa. Niliushika kwa mikono yangu miwili, nikaupapasa kidole kwa kidole, kovu kwa kovu, kama ninavyopapasa gogo la mti wa jozi kabla ya kulichonga. Kisha nikaivua ile ya Kijerumani mpini wake, nikakiweka chuma kitupu ndani ya kiganja chake.

Bimlesh, mimi kwa miaka yote nimewasikiliza wapiga shabaha wakilia jambo lilelile. Leo wameshika vizuri, kesho wameshika tofauti kidogo, na hilo kidogo mbele ya shabaha ni kubwa. Vidole viwili vya mwisho ndivyo vyenye makosa: mara vinabana, mara vinalegea, mwenyewe hana habari. Mumeo vidole hivyo havibani na havilegei. Vinakaa palepale leo, kesho na mwaka ujao. Kidole cha kufyatulia ni kizima. Kiganja kina nguvu ya mtu aliyekanda unga tangu utoto.

“Inauma?” nikamuuliza.

“Haiumi.” Kisha, “Mjomba, haitikisiki.”

Akanyoosha mkono kuielekea kalenda ukutani. Nilisikia pumzi yake ikitulia. Mami, aliyekuwa amesimama mlangoni na vikombe vilevile, alisema baadaye kwamba mtutu ulikuwa umetulia kama mjusi.

Basi nikahitaji umbo la mkono wake ili nichonge mpini. Mami akaleta unga wa chapati. Omvir akauminya, akakunja uso: “Mami, unga huu maji yamezidi, utaporomoka.” Akaomba unga zaidi, akaketi chini, akaanza kuukanda mwenyewe. Kwa kushoto kwanza. Halafu nikasikia sauti ya mikono miwili. Alipomaliza aliukamata ule unga kama unavyokamata mpini, nao ukabaki na mkono wake ndani.

Sasa umekauka juu ya kabati na mimi nachonga. Utangoja, kazi nzuri haikimbizwi. Habari ya bei ni yangu na dada yangu, usiingilie mambo ya wakubwa. Kilengeo chako nilikifunga. Kilikuwa na skurubu moja tu iliyolegea, nadhani uliilegeza mwenyewe.

Mjomba wako,
Rishipal

Mimi Bhagwati naongeza chini. Omvir ni mtoto mzuri. Alikula chapati tisa.

—

Baraut, 18 Desemba 1999

Mjomba wangu,

Naigusa miguu yako kwa furaha, kisha nasimama wima, maana nina ugomvi nawe.

Furaha kwanza. Amerudi. Kitambaa hakipo mkononi. Siku ya kwanza mama mkwe aliuona mkono mtupu mezani, akaacha kupakua, akauchukua akaubusu kwenye vile vidole vilivyokunjamana, na wakalia wote wawili mpaka dengu zikaungua. Tangu siku hiyo anapika chakula cha watu watano. Amerudi pia kwenye kelele zake: “Mwanangu alikuwa mtu wa vitamu, wewe unamfanya jambazi!” Jana nimemwona anamwonyesha mke wa jirani namna ya kusimama: mguu hivi, mkono mmoja mfukoni, pumua. Duka limefunguliwa. Omvir anakanda na kuamrisha, ndugu yake anamimina. Wanagombana kutwa nzima, watu wanakuja kusikiliza na kununua.

Sasa ugomvi. Nilimuuliza Omvir, Mjomba hajambo? Akasema hajambo. Nikamuuliza, anaonekanaje? Akaangalia pembeni. Mimi kazi yangu ni kuwahoji watu, Mjomba. Hakumaliza hata chai.

Ameniambia Mami alikuwekea kikombe mkononi na kukukunjia vidole juu yake. Ameniambia ulilisalimu koti lililotundikwa mlangoni. Na amesema barua zinaandikwa na Mami kwenye meza ya jikoni, wewe ukisema na yeye akiandika. Mimi ndiye mpumbavu niliyesifu mwandiko!

Wewe uliyenidai mkono wa pili, macho yako mbona hukuyatia kwenye bahasha? Kuna methali ya nyani ambayo heshima inanikataza kuimalizia. Mtoto wa jicho siku hizi anatolewa asubuhi na jioni mtu yuko kwake. Hapo mjini mna hospitali kubwa. Unangoja nini? Omvir anasema uliogopa. Mjomba, mtu ambaye amepapasa kovu la mwenzake bila kutetemeka anaogopa daktari?

Huo mpini usiuguse tena mpaka uende. Omvir ameapa hatapiga hata risasi moja kwa mkono wa kulia kabla hujaona. Ni yeye kasema, si mimi. Mimi nimefurahi tu.

Bimlesh, kwa ukali na kwa mapenzi

—

Dehradun, 20 Februari 2000

Bimlesh,

Angalia mwandiko. Kuku amerudi kwenye matope.

Jicho la kulia limetengenezwa, la kushoto litafuata joto likianza. Sikutaka kwenda, na sababu nitaisema mara hii moja tu. Kama wangeliharibu, mikono yangu ingebaki na kazi gani? Nikiwa naona nusu, nilikuwa bado fundi. Lakini Omvir kunigomea, hilo sikulitegemea. Nilikwenda kwa hasira zaidi kuliko kwa ushujaa. Walipofungua bandeji kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa Mami, karibu sana. Nikasema, “Umezeeka lini?” Akasema, “Wakati ulipokuwa unaangalia koti.” Tumecheka mpaka muuguzi akatukanya.

Sasa nina mashtaka. Nimezisoma upya barua zako zote kwa jicho langu mwenyewe. Mami alinisomea mahali ulipoandika, “Mjomba, usimkaripie Mami, bila yeye nyumba yetu ni giza.” Nimetafuta mbele, nyuma, na juu ya stempu. Halimo. Alinisomea pia ulipouliza kwa nini Mami hanunuliwi shali ya sufu. Halimo! Na mimi nilinunua, tena ya rangi aliyoitaja, kwa sababu mpwa wangu kasema! Nilipomwuliza hakuona haya hata kidogo. “Nilisoma aliyokusudia,” anasema.

Mpini nilikuwa nimeshaumaliza kabla barua yako ya ukali haijafika. Nilichonga kwa kupapasa, mara nikishika mti, mara nikishika ule unga mkavu. Nilipouona kwa jicho jipya nilitaka kulia. Ni mbaya, Bimlesh. Ni kama tangawizi iliyokanyagwa na punda. Nikatwaa tupa niuanze upya, Mami akanishika mkono: “Ulichonga kwa ajili ya mkono wake, si kwa ajili ya jicho lako. Uache.” Nimeuacha. Nautuma na bastola yake kwa mkono wa kijana wa jirani anayekwenda Meerut, nawe ukamkute kituoni. Usiposhikika vizuri, nirudishieni nami nitafanya mwingine wa kupendeza.

Mwambie Omvir naona. Apige.

Rishipal

—

Baraut, 11 Aprili 2000

Mjomba na Mami,

Nawagusa miguu wote wawili kwa pamoja. Mami, hili naandika mwenyewe: bila wewe nyumba yetu ni giza. Mjomba, sasa limo.

Mama yuko salama, na ndama sasa anamkimbiza kila mwenye shati jeupe. Anshu anasema atakuwa hakimu wa mashindano kwa sababu hakimu ndiye anayewanyamazisha wakubwa.

Jumapili ilikuwa mashindano ya Meerut. Tulikwenda sote kwa gari la duka, lenye harufu ya sukari mpaka kwenye viti. Mama mkwe alikaa mbele na kiti chake cha kukunja. Omvir alikaa nyuma, mfuko wa bastola mapajani. Tulipofika aliwaona wanaume wamejipanga, wamevaa miwani ya kulengea na viatu maalumu, akaniambia, “Bimlesh, turudi.”

“Petroli imekwisha,” nikasema.

“Uongo.”

“Ndiyo. Ingia.”

Mimi nilipiga asubuhi, na nilipiga vibaya kuliko siku zote tangu niajiriwe, kwa sababu nilikuwa nageuka kutazama mlango kama yupo au kakimbia. Kocha wangu hanisemeshi. Sijali.

Zamu yake ilipofika aliufungua mfuko, akaitoa bastola. Wawili watatu wakageuka kuutazama ule mpini. Halafu wakautazama mkono. Mjomba, ndicho kitu alichokikimbia mwaka mzima, kuangaliwa, na sasa watu walimwangalia hadharani kwenye mwanga wa taa kubwa. Niliona masikio yake yakiwa mekundu. Akaushika mpini. Vile vidole viwili vikaingia kwenye nyumba yao, na mimi niliyekaa nyuma nikaona mabega yake yanashuka, kama siku zile alipokuwa anasimama mbele ya karai na foleni iko barabarani.

Risasi za mwanzo zilikwenda huku na huku, kwa woga. Kisha akaanza kuziweka karibu karibu. Katikati ya raundi akapata kumi, katikati kabisa ya jicho jeusi. Uwanja wote kimya, unajua sheria, hata kikohozi wanakimeza. Omvir akapiga kelele, “Hiyo imekwenda wapi sasa!” Hakimu akamwonya. Mama mkwe akasimama kitini na kumwambia hakimu, “Mwache mtoto!” Naye akaonywa. Nadhani hakuna familia nyingine iliyowahi kuonywa mara mbili kwa risasi moja.

Hakushinda, tusidanganyane. Alimaliza katikati, nyuma yake watu wengi kuliko alivyoamini. Aliikagua orodha ukutani mara tatu, akanivuta nami niikague kipolisi.

Lakini jambo ninalotaka kukwambia lilitokea nje, kwenye kivuli, tukinywa maji ya miwa. Yule aliyepiga pembeni yake, sajini mmoja wa jeshi anayeitwa Tejpal, mrefu kama nguzo ya umeme, ambaye alichukua nafasi ya pili, alitujia moja kwa moja. Nikakaza mwili, nikasema sasa atauliza habari ya mkono.

“Ndugu,” akasema, “mkono wako ukinyanyuka unarudi palepale kila mara. Nimekuangalia nikasahau kupumua. Hebu nami niishike hiyo bastola yako.”

Omvir akampa. Sajini akajaribu hivi, akajaribu vile. Akageuza kiganja, akavua pete. Vidole vyake vizuri, vyote vitano, vikawa vinazunguka juu ya ule mpini kama wageni waliokosa nyumba ya harusi. Akajaribu mwenzake. Akajaribu kocha wa Meerut mwenyewe. Wakakusanyika wanaume kama kumi, wanapokezana, wanacheka, wanapigana vikumbo.

“Hii haishikiki!” sajini akasema. “Nani anaweza kuishika?”

Omvir akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yao wote, wazi, na kovu lake, na vidole vyake.

“Nipe,” akasema.

Mpwa wenu,
Bimlesh